Vitu Vyangu Kwanza

Leo tuzungumze juu ya kompyuta iliyogoma kuwaka. Kompyuta yenyewe ni bidhaa, ina bei yake, na ikifa, Mungu akijalia, utanunua nyingine. Mimi nina hamu na kilichomo ndani: picha za harusi ya dada, sauti ya marehemu babu akisimulia ukoo, tasnifu iliyobakiza sura moja, hesabu za kikundi cha VICOBA tangu siku kilipoanza. Hivyo havina duka.

Neno langu ni moja, nalitoa mapema ili hata anayeshuka kwenye daladala sasa hivi ashuke nalo. Kompyuta ikigoma kuwaka, mara nyingi mafaili yako bado yapo salama. Kinachoyamaliza ni kile kinachofanywa baada ya hapo, na kinachofanywa baada ya hapo hutegemea sana maneno ya kwanza unayomwambia fundi.

Hebu tuyasikilize maneno hayo. Tuseme mwalimu wa sekondari ameingia kwenye kibanda cha fundi kijana pale Kariakoo, laptopu iko kwapani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Laptopu yangu haiwaki tangu jana. Naomba unitengenezee, nina mitihani ya wanafunzi humo.”

“Ondoa shaka, mama. Hii ni Windows tu imeharibika. Iache hapa, upitie jioni.”

Jioni mama anapita, anaikuta inawaka, tena kwa kasi ambayo hajaiona siku nyingi. Analipa, anashukuru, anakwenda zake. Usiku anaketi aendelee na mitihani. Mezani pa kompyuta hamna kitu. Folda ya shule haipo, picha hazipo. Kesho yake asubuhi yuko tena kibandani.

“Mwanangu, mbona vitu vyangu sivioni?”

“Mama, si ulisema nitengeneze? Nimekupigia Windows mpya.”

Hapo hakuna mwizi wala mwongo. Mama aliomba kompyuta itengenezwe, na kijana ameitengeneza. Aliyetajwa pale ni mgonjwa mmoja, mashine, kumbe wagonjwa walikuwa wawili.

Tumtazame fundi kwa haki. Kupiga Windows ni kuchomeka flashi, kufuta diski, na kuweka mfumo mpya juu yake. Kazi hiyo huisha haraka, na huponya matatizo mengi kwa mkupuo. Yeye hulipwa kwa mashine inayowaka. Kunakili picha na video za miaka kumi kunaweza kumla alasiri nzima, kunahitaji diski nyingine ya kuzihifadhi, na mteja akifika mezani hutaka kulipa bei ileile ya kupiga Windows. Fundi asipoambiwa, atapita njia fupi. Wapo mafundi ambao kabla ya kugusa chochote huuliza, “Kuna vitu vya kutunza humu?” Ukimpata wa namna hiyo, usimwache, na wapelekee jirani zako. Lakini usiliache jambo zito hivyo litegemee bahati ya kukutana na muungwana. Kitasa cha mlango kikigoma, mtu hachomi nyumba ndipo aingie. Na mwenye nyumba ndiye wa kusema hivyo, si fundi wa vitasa.

Basi sema hivi: “Mwanangu, kabla hujaigusa, nataka vitu vyangu kwanza. Vitoe, uviweke kwenye diski hii niliyokuja nayo, nivione kwa macho yangu. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya kutengeneza.” Na papo hapo mpatane bei mbili: moja ya kutoa mafaili, nyingine ya kuponya mashine. Ukilipia kazi ya kunakili kama kazi, itafanywa kama kazi.

Sasa tuone kwa nini nasema mafaili mara nyingi yapo salama. Ili kompyuta iwake, vitu vingi lazima vikubaliane: umeme, chaja, ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, ramu, kioo, halafu mfumo wa Windows uliomo kwenye diski. Kimoja kikikataa, safari imekwisha. Mafaili yako, lakini, hukaa mahali pamoja tu, kwenye diski. Chaja ikiungua, picha za harusi hazijui. Kioo kikipasuka, tasnifu haina habari.

Ulimwengu mzima ulilishuhudia hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani ya usalama wa kompyuta, CrowdStrike, ilituma kwa wateja wake sasisho lenye kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba mashine zipatazo milioni 8.5 zilianguka, kioo kikawa cha bluu, zikawa zinajizima na kujiwasha pasipo kufika popote. Ndege zilibaki chini, hospitali ziliahirisha miadi, benki na vituo vya televisheni vilikwama. Mtu aliyeiona siku ile angesema dunia imepoteza kumbukumbu zake. Kumbe tiba iliyotolewa ilikuwa kuiwasha mashine katika hali ya usalama, kutafuta faili moja lenye kasoro, na kulifuta. Mafundi walipita mashine kwa mashine, wengine usiku kucha. Kazi za watu zilikuwa humo muda wote. Kilichogoma ni kuwaka.

Tuje nyumbani kwako. Watu husema “haiwaki” kwa mambo manne yaliyo mbalimbali, na ukiyatofautisha utakuwa umemsaidia fundi nusu ya kazi.

La kwanza, mashine imekufa kabisa: hakuna taa, hakuna feni. Jaribu soketi nyingine ya ukutani. Azima chaja inayolingana na yako. Kama betri inatoka, itoe, chomoa chaja, kandamiza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu. Kwetu, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, chaja ndizo hutangulia kufa, na nyakati nyingine njia ya umeme ndani ya mazabodi hufuata. Katika hali hii, mara nyingi diski haijahusika. Inatolewa, inasomwa kwenye kompyuta nyingine.

La pili, taa zinawaka na feni inalia, lakini kioo ni cheusi. Pengine ramu imelegea, pengine kioo chenyewe kimekufa. Chukua waya wa HDMI, iunganishe kompyuta na televisheni ya sebuleni. Picha ikitokea kwenye televisheni, usishangilie ukaondoka kupika. Chomeka diski ya nje na unakili vitu vyako saa hiyohiyo.

La tatu, nembo ya kampuni inatokea, viduara vinazunguka, halafu kioo cha bluu, au maandishi ya kusema inajitengeneza, yasiyokwisha. Hapa mara nyingi Windows ndiyo imeharibika. Hali hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu ndiyo inayomvuta fundi kupiga Windows, ilhali mara nyingi mafaili huwa mazima.

La nne, mashine inaandika kwamba haioni diski ya kuwakia, au unasikia diski ikigonga: tk, tk, tk, kisha kimya, kisha tena. Hii ndiyo ya hatari. Ukisikia mlio huo, zima. Usijaribu mara moja zaidi ili kumwonyesha mume au mke. Zima, nami nitakuja kueleza sababu.

Tukianza na ile hali ya tatu, dawa yake inaingia kwenye flashi moja. Mwaka 2004 mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, alianzisha mfumo wa kompyuta wa bure uitwao Ubuntu, uliojengwa juu ya Linux. Uzuri wake kwa kazi yetu ni kwamba unaweza kuwaka kutoka kwenye flashi, ukafanya kazi kamili, pasipo kuandika chochote kwenye diski ya kompyuta. Unaupakua kwenye kompyuta ya rafiki, unauandika kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu ndogo ya bure kama Rufus, unachomeka flashi kwenye mashine mgonjwa, unaiwasha huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwenye HP nyingi ni F9. Ubuntu ikifunguka itakuuliza: unajaribu, au unasakinisha? Hapo ndipo pa kuwa macho. Chagua kujaribu. Kusakinisha kunaweza kukufutia diski kama vile kupiga Windows.

Ukishaingia, fungua diski ya kompyuta, tafuta folda iitwayo Users, ndani yake folda yenye jina lako, na humo utakuta Desktop, Documents, Pictures na Downloads. Anza na visivyo na mbadala: picha, sauti, maandiko yako, hesabu. Filamu na miziki uviache mwisho, maana hivyo vinapatikana tena. Na usisahau Desktop; watu wetu wengi huweka kila kitu mezani, halafu wakiulizwa wanasema waliweka kwenye Documents.

Kuna na ujanja mwingine wa mafundi, usiohitaji flashi ya mfumo. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo kuna mahali pa kuandika amri. Ukiandika neno notepad, kinafunguka kile kidaftari cha Windows. Nenda kwenye sehemu ya kufungua faili, chagua kuona mafaili ya aina zote, na dirisha linalotokea linakuonyesha diski yako yote. Unanakili faili hapo, unalibandika kwenye flashi. Ni njia ya polepole, lakini kwa tasnifu moja na picha chache inatosha. Ila kwenye ukurasa huohuo kuna chaguo la kuirudisha kompyuta upya, moja likisema litabakiza mafaili yako, jingine likisema litaondoa kila kitu. Yote mawili yasubiri mpaka vitu vyako viwe nje. Hata lile linaloahidi kubakiza mafaili litaziondoa programu zako.

Kama mashine haina uhai, diski hutolewa. Diski za zamani za laptopu ni bapa, za inchi mbili na nusu. Zipo kesi na waya za bei nafuu za kuzigeuza ziwe diski za nje, kwa USB, pale Kariakoo na kule Luthuli Avenue, Nairobi. Laptopu mpya nyingi hutumia kijiti chembamba kiitwacho M.2, nacho kina aina mbili, SATA na NVMe, ambazo kesi zake hutofautiana. Usibahatishe, nenda dukani na kijiti chenyewe mkononi. Baadhi ya mashine, zikiwamo MacBook za miaka ya karibuni, hifadhi yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi, haitoki. Hapo fundi wa mazabodi lazima aifufue mashine yenyewe, japo kwa saa chache, ili mafaili yatoke.

Ukiichomeka diski kwenye kompyuta nyingine, huenda Windows ikakwambia diski hii inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kataa. Maana ya ujumbe ule ni kwamba Windows imeshindwa kuisoma diski; haina maana kwamba diski ni tupu. Watu wamebonyeza kukubali kwa sababu tu kitufe kilikuwa pale.

Sasa nirudi kwa ile diski inayogonga. Diski za kuzunguka zina sahani ndani, nazo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila sahani huelea kichwa cha kusomea, kwa umbali wa nanomita chache tu. Kichwa kikilegea au kikigusa sahani, kinaikwangua, na kilichokwanguliwa ndicho chenye picha zako. Kila ukiwasha tena ujaribu bahati, unakwangua. Usiigonge, usiifungue, na wala usiiweke kwenye friza kama wanavyoshauriana watu. Unyevu unaoganda ndani huongeza msiba. Fundi anayeijua kazi hii hafungui mafaili moja moja kwenye diski inayokufa. Kwanza hunakili diski nzima, kipande kwa kipande, kwa programu kama GNU ddrescue, ambayo huchukua sehemu nzima kwanza na kurudi baadaye kwa zile mbovu. Kisha hufanya kazi yote kwenye nakala. Kama vichwa vimekufa, diski inahitaji maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa. Ni heri ujue mapema kama vitu vyako vinastahili gharama hiyo, kabla mtu mwingine hajaifungua kwa bisibisi kibarazani.

Je, maabara hizo zinaweza kufanya nini? Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika angani kikirejea duniani, na wanaanga saba walifariki. Katika mabaki yaliyookotwa Texas ilikuwamo diski moja ya kompyuta, ya ukubwa wa megabaiti zipatazo 400, iliyoungua na kuyeyuka sehemu zake. Ilikuwa na matokeo ya jaribio la kisayansi kuhusu gesi ya zenoni. Wataalamu wa kampuni ya Kroll Ontrack walisafisha sahani zake, wakazihamishia kwenye kasha jipya, wakapata karibu asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio yalichapishwa mwaka 2008.

Msikilizaji, lipime jambo hilo. Diski iliyoanguka kutoka mbinguni katikati ya moto ilirudisha vitu vyake, na ile ya mama mwalimu, iliyokaa mezani kwa utulivu chini ya feni, haikurudisha. Moto uliharibu kasha na nyaya, haukuandika kitu kipya juu ya sahani. Windows mpya iliandika.

Hapo ndipo penye siri ya kufuta. Kwenye diski ya kuzunguka, ukifuta faili au ukifomati kwa haraka, maandishi yenyewe hayaondoki papo hapo. Kompyuta huweka tu alama kwamba nafasi ile sasa ni huru. Maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo, ukigundua kwamba vitu vimefutwa, acha kuitumia mashine saa hiyo. Usipakue programu ya kuokoa mafaili kwenye diski ileile. Unaweza kuwa unaandika juu ya unachokitafuta. Itoe diski, iunganishe na kompyuta nyingine, utumie programu kama TestDisk na PhotoRec, zilizotengenezwa na Mfaransa Christophe Grenier na kutolewa bure. PhotoRec hurudisha picha na hati hata pale orodha ya mafaili imeharibika, ingawa majina ya mafaili hupotea, na utaketi siku nzima ukiyatambua moja moja. Aliyefiwa na mzazi hataona taabu hiyo.

Lakini hiyo ni rehema ya diski za zamani. Laptopu nyingi sasa zina SSD, isiyo na sahani wala kichwa. Inafanya kazi kwa kasi, haiogopi kutikiswa kwenye bodaboda, ila ina tabia moja: ukifuta kitu, Windows huiambia SSD kwamba sehemu ile haina kazi tena, kwa amri iitwayo TRIM, na SSD huisafisha yenyewe, pengine kwa dakika chache. Ukishapigiwa Windows mpya juu ya SSD, matumaini ya kurudisha vya zamani ni madogo mno, kwa fundi yeyote, wa Kariakoo au wa Marekani. Kadiri mashine zinavyokuwa mpya ndivyo kosa moja linavyozidi kutosameheka.

Mashine mpya zimeleta na kufuli. Laptopu nyingi za Windows 11, ukiziwasha mara ya kwanza na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, hufunga diski zake kimyakimya, pasipo wewe kuona lolote. Mashine ikiwaka vizuri, inajifungulia. Ikigoma, au diski ikihamishiwa kwingine, inadai ufunguo wa kufuli hilo, liitwalo BitLocker, wenye tarakimu 48. Wale mafundi wa Julai 2024 walikwama hapohapo katika ofisi nyingi: tiba waliijua, funguo hawakuwa nazo. Bila ufunguo huo hakuna fundi wala maabara ya kukusaidia. Ndivyo kufuli lilivyokusudiwa, ili mwizi wa laptopu asisome barua zako. Kwa kawaida nakala ya ufunguo huwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, nawe unaweza kuitazama hata kwa simu. Kama kompyuta ni ya ofisi, waulize watu wa TEHAMA wa ofisi.

Na hapa kwetu kuna mtego wa ziada. Wengi wetu hatufungui kompyuta mpya wenyewe. Muuzaji hutuwashia dukani, na ikiomba akaunti, yeye huweka barua pepe yake, au hubuni moja papo hapo ili mteja aondoke haraka. Miaka miwili baadaye kufuli linadai tarakimu 48, na ufunguo umo kwenye akaunti ya kijana aliyekwisha kuacha kazi dukani. Ukinunua kompyuta, simama hapo, uiwashe kwa barua pepe yako mwenyewe.

Sijamaliza habari ya fundi. Unapompa kompyuta umempa nyumba na kabati. Mwaka 2008 Hong Kong ilitikisika pale picha za faragha za mwigizaji Edison Chen na wanawake maarufu ziliposambazwa. Zilikuwa zimenakiliwa kutoka kwenye laptopu yake iliyopelekwa kutengenezwa, na fundi aliyezichukua alihukumiwa kifungo. Kwetu sheria zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria huja baada ya aibu. Njia ya kujilinda ni nyepesi. Nenda na diski yako ya nje, mafaili yaingie humo, yasipitie kwenye kompyuta ya fundi. Keti hapo yakinakiliwa, unywe soda. Na kama tatizo ni chaja, kioo au vitufe, fundi haihitaji diski yako kabisa. Mwombe aitoe mbele yako, mwachie mashine, uondoke na diski mkobani. Fundi mwaminifu hatachukia; atafurahi kwamba hakuna atakayemsingizia.

Kabla ya kwenda kwake, fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: andika kilichomo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wapo watu waliopata kompyuta iliyotengenezwa, wakaridhika, na miezi sita baadaye ndipo walipokumbuka kwamba hesabu za kikundi zilikuwamo. Chukua karatasi: picha za nani, hati zipi, ziko folda gani. Mpe fundi nakala ya orodha. Anapomaliza, fungua vitu vitatu vinne vya kila aina. Jina la faili kuonekana si ushahidi; lifunguke.

Kuhusu kuweka bakapu, nitasema kwa ufupi. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo sasa inafuatwa na wengi: uwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyumbani. Kwa mtu wa kawaida hilo si gumu. Tasnifu nzima mara nyingi haizidi megabaiti chache. Jitumie kwa barua pepe kila Ijumaa, bando halitasikia. Google hutoa gigabaiti 15 bure. Picha za familia zinunulie diski ya nje, na diski hiyo ikae kwa dada au kwa shemeji, si kwenye mkoba uleule wa laptopu, kwa sababu mwizi hatachagua. Flashi itumie kubebea vitu kwenda stesheneri kuchapisha, usiifanye ghala.

Kazi ya usiku wa leo, basi, kwa wenye Windows. Maadamu kompyuta yako ingali inawaka, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo wa BitLocker. Ukiukuta, nakili zile tarakimu 48 kwa kalamu, polepole, kisha mpe mtu mwingine azisome huku wewe ukizifuata kwenye kioo. Ukigundua kwamba akaunti si yako, umekwisha kupata kazi ya kesho asubuhi. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati ya kiwanja, na angalau mtu mmoja nyumbani ajue ilipo. Usiiweke ndani ya kompyuta, maana siku utakapoihitaji, kompyuta ndiyo itakayokuwa imefungwa.